Michoro ya Kalevala na Ugomvi wa Mahari

Dari la ukumbi wa kuingilia Makumbusho ya Taifa ya Finland, mjini Helsinki, lina michoro minne mikubwa ya Akseli Gallen-Kallela (1865–1931). Aliichora mwaka 1928 akisaidiwa na mwanawe Jorma, ambaye utotoni aliishi na wazazi wake Nairobi kuanzia 1909. Mitatu kati yake inarudia kazi aliyoifanya katika banda la Finland kwenye Maonyesho ya Paris mwaka 1900. Banda lilipobomolewa, michoro ile ilikwenda nalo.

Ni michoro ya fresko: rangi hupakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, kwa hiyo mkono hauruhusiwi kusitasita. Maumbo yamezungushiwa mistari minene, na aliyezoea picha za tingatinga za Oysterbay hatasumbuka kuyasoma.

Ugumu uko kwenye kisa. Kinatoka Kalevala, utenzi uliokusanywa na daktari Elias Lönnrot kutoka kwa waimbaji wa vijijini, ukachapishwa 1835 na kupanuliwa 1849. Mhunzi Ilmarinen anamfulia Louhi, bibi mtawala wa Kaskazini, kinu cha ajabu kiitwacho Sampo, kinachotoa unga, chumvi na fedha, ili apewe binti yake. Binti anakataa. Baadaye mhunzi anarudi kuposa, na sasa anatakiwa alime shamba lililojaa nyoka. Hivyo mchoro wa kufua Sampo na ule wa kulima yote miwili ni habari ya mahari, jambo ambalo msomaji wa Kinondoni au Temeke hahitaji kufafanuliwa.

Ukilijua hilo, mchoro wa kupigania Sampo unabadilika. Mzee Väinämöinen, shujaa wa utenzi huu, yuko chomboni na wenzake, upanga juu. Louhi, aliyejigeuza tai, anawashukia kwa kucha. Wengi humwona kama zimwi tu. Lakini Väinämöinen na wenzake ndio waliokiiba kinu, na mama huyu anafuata mali yake. Kwangu, hasira iliyo katika mabawa yale ndiyo inayoupa mchoro nguvu, kuliko upanga wa shujaa.

Kalevala kwa Kiswahili ilitolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1992, kwa tafsiri ya Jan Knappert na michoro ya Robino Ntila, msanii wa Tanzania. Kitafute kitabu hicho, ukisome kabla ya kuzitazama picha za Helsinki.