Nguruwe, mwalimu wa waganga

Katekista mmoja aliniuliza mbele ya wenzake: «Padri, tunasikia ya kama waganga walitia moyo wa nguruwe ndani ya kifua cha mtu. Je, mtu yule alibaki mtu?» Wengine walicheka, nami nilijibu upesi upesi, bila kufikiri vema. Swali lile lilistahili jibu bora. Basi tulitafute katika habari za zamani.

Galenus alizaliwa mwaka wa 129 kule Pergamo, mji unaotajwa katika kitabu cha Ufunuo. Kisha akawa mganga wa makaisari wa Roma. Siku zile ilikuwa mwiko kupasua maiti ya mtu, kwa hiyo yeye alipasua nyama, kama nyani na nguruwe. Alimfunga nguruwe aliyekuwa akilia kwa nguvu, akakata mishipa midogo ya shingoni. Mara sauti ikakatika, ingawa nguruwe alikuwa akipumua bado. Hivi alionyesha kwamba bongo ndiyo inayoamuru sauti, wala si moyo, kama wengi walivyodhani.

Katika karne ya 12, walimu wa Salerno, Italia, walipasua nguruwe mbele ya wanafunzi wao. Walisema nyani anafanana nasi kwa nje, lakini kwa ndani hakuna anayefanana nasi kama nguruwe. Na kweli, moyo wake una vyumba vinne kama wetu, na ukubwa wake unakaribia wa kwetu.

Lakini mwalimu huyo aliwadanganya pia. Galenus alifundisha kwamba chini ya bongo ya mtu kuna wavu wa mishipa ya damu. Nguruwe, kondoo na ng'ombe wanao, mtu hana. Hata hivyo watu waliusadiki kwa miaka zaidi ya elfu moja. Ndipo Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels na mwanafunzi wa Louvain, alipopasua maiti za watu kwa mikono yake mwenyewe, akatangaza makosa hayo katika kitabu chake cha mwaka wa 1543.

Wengine husema Eklezya ilikataza kazi hiyo. Sivyo. Papa Bonifasi VIII, mwaka wa 1299, alikataza kukatakata maiti na kuzichemsha ili mifupa ipelekwe kwao. Hakusema neno juu ya kupasua maiti kwa ajili ya elimu. Mwanzoni mwa karne ya 14, pale Bologna, Mondino alikuwa akipasua maiti mbele ya wanafunzi.

Turudi kwa katekista wetu. Mwaka wa 1965, kule Paris, waganga walitumia vali za moyo wa nguruwe kumponya mtu. Mwaka wa 2022, kule Baltimore, Marekani, mgonjwa alipewa moyo mzima wa nguruwe, akaishi miezi miwili. Naye Papa Pio XII, tarehe 14 Mei 1956, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba si kila kiungo cha nyama kutiwa katika mtu ni dhambi, wala si kila namna inaruhusiwa: kila jambo lipimwe peke yake.

Mwanzo, sura ya 2, yasema mtu na nyama wote waliumbwa kwa udongo. Basi tusione haya kwa kufanana nao. Lakini mtu peke yake aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na mfano huo haukai katika kipande cha nyama kinachopiga kifuani. Mgonjwa yule alibaki mtu kamili, naye angeweza kubatizwa, kuungama na kupokea Komunyo. Hilo ndilo jibu nililopaswa kutoa siku ile.