Thimlich Ohinga

Thimlich Ohinga ni makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe, juu ya kilima katika Kaunti ya Migori, kusini-magharibi mwa Kenya, kilometa zipatazo 46 kutoka mji wa Migori. Inakadiriwa yalijengwa katika karne ya 16. Ukanda huo wa Ziwa Victoria una maboma ya mawe yapatayo 500, na hili ndilo kubwa kuliko yote na lililosalimika vizuri zaidi.

Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3. Hazikushikanishwa kwa udongo wala chokaa. Waashi walijenga nyuso mbili, ya nje na ya ndani, huku wakishindilia mawe madogo katikati. Mawe yenyewe hayakuchongwa, na hapo ndipo ustadi ulipo: matofali ya mawe ya Great Zimbabwe hupangika kwa safu, lakini jiwe la umbo lolote humlazimu fundi aligeuzegeuze mpaka likae na kubanwa na wenzake.

Maboma makuu ya Thimlich Ohinga ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Malango ni membamba na mafupi, yamefunikwa kwa mawe marefu. Anayeingia huinama, na aliyeinama hana nafasi ya kurusha mkuki. Ndani ya Kochieng, jirani na lango, upo mwinuko wa mawe walikosimama walinzi. Zaidi ya hapo kuna mazizi, alama za nyumba na mawe ya kusagia nafaka. Wingi wa mazizi unaonyesha kwamba kuta zililinda mifugo sawa na watu; katika nchi ya wafugaji, adui alifuata ng'ombe kwanza. Wakazi walifua chuma, na shanga za kioo zilizofukuliwa humo ni ushahidi wa biashara ya masafa marefu.

Jamii za Kibantu na Kiniloti zilikaa hapo kwa kupokezana, waliohamia wakikarabati kuta walizozikuta. Makazi yalihamwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wajaluo wa eneo hilo waliendelea kuzungushia makazi yao ua, ila wa mimea.

Serikali ya Kenya ililitangaza eneo hilo kuwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1981, na UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Tishio mojawapo ni mizizi ya miti inayosukuma mawe. Sehemu zilizobomoka hupangwa upya vilevile, bila saruji.