Sindano ya Kabete, mabati ya Nyeri

Nyumba za nyasi zilipoanza kutoweka katika vilima vya Nyeri na Murang'a miaka ya 1960, sifa haikuwa ya benki wala ya wizara. Kazi kubwa ilifanywa na akina mama waliokutana uani kwa mwenzao, kila mmoja na shilingi zake zimefungwa kwenye pindo la leso, wakachanga, wakahesabu, kisha wakakubaliana ni nyumba ya nani itakayofuata. Vikundi vyao vikajulikana kama vikundi vya mabati. Serikali haikuwatuma. Iliyokuwa imewakutanisha kwanza, katika klabu za Maendeleo ya Wanawake, ni serikali ya kikoloni iliyotangulia, na yenyewe ilikuwa na mambo mengine kabisa kichwani.

Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya ustawi wa jamii ya serikali ya kikoloni, na usukani ukashikwa na wanawake wa Kizungu, wengi wao wake za maofisa na za masetla. Walimu wa klabu walipikwa katika Shule ya Jeanes, Kabete. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1925 na kupewa jina la Anna Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia aliyetoa fedha zake kwa ajili ya shule za watu weusi wa mashambani kusini mwa Marekani. Mtindo wa Kabete ulikuwa mwalimu kuja na mkewe na watoto, wakae katika nyumba ndogo ya shule, mume ajifunze yake na mke ajifunze kutunza nyumba. Mwanamke akirudi kijijini alikuwa anajua kushona, kufuma, kupika kwa vipimo, kuosha mtoto na kuchimba choo. Hayo ndiyo aliyotarajiwa kuwafundisha wenzake.

Ni rahisi leo kuyacheka masomo hayo. Mwanamke aliyekuwa akilima shamba kutwa nzima, mgongoni mtoto na kichwani kuni, alikuwa akifundishwa kutarizi vitambaa vya meza kana kwamba shida yake kubwa ilikuwa meza. Lakini sabuni na choo viliokoa watoto, na hakuna mama aliyeona aibu kujifunza jambo hilo kwa sababu tu limeletwa na Mzungu.

Mwaka huohuo wa 1952, mwezi Oktoba, hali ya hatari ikatangazwa kwa sababu ya uasi wa Mau Mau, na klabu zikageuzwa silaha. Kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya watu milioni moja katika nchi ya Wakikuyu walitolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika vilimani na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hiyo wakazi wa vijiji hivyo walikuwa hasa wanawake, wazee na watoto, na handaki lenyewe lilichimbwa na wanawake hao kwa amri. Serikali ilitaka kuwatenga na Mau Mau, na klabu ikawa njia ya upole ya kufanya hivyo. Aliyejiunga alihesabiwa kuwa ameupa mgongo msitu. Kupitia klabu yalipatikana maziwa ya watoto, uji, na mahali pa kuwaacha wadogo wakati mama yuko kwenye kazi ya lazima.

Je, waliojiunga walikuwa wasaliti? Mimi siwezi kulitumia neno hilo kwa mama mwenye mtoto anayelia njaa ndani ya uzio. Klabu ilikuwa mahali pekee ambapo wanawake kadhaa wangeweza kukaa pamoja bila askari kuuliza wanapanga nini, na watu wakikaa pamoja juma baada ya juma huishia kuzungumza mengine zaidi ya sindano.

Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa chama. Miaka miwili baadaye aliongoza ujumbe wa wanawake hadi Lodwar, alikozuiliwa Jomo Kenyatta, kumweleza wanawake wanatarajia nini nchi ikiwa huru. Huko ni mbali na vitambaa vya meza.

Uhuru ulipokuja, msaada wa serikali kwa klabu ulikuwa umekwisha kupungua. Nyingi zilisinzia. Zilizobaki hai zilifanya hivyo kwa kurudia jambo ambalo Kabete haikulifundisha kwa sababu lilikuwepo tayari: kazi ya zamu. Wakikuyu waliiita ngwatio na Wakamba mwethya. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Badala ya kulima kwa zamu peke yake, akina mama wakaanza kuchanga fedha kwa zamu.

Kwa nini mabati? Sababu ya kwanza ilikuwa ardhi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikusanya vipande vya mashamba na kuvitolea hati, na kadiri ardhi ilivyopimwa na kulimwa kahawa na chai, nyasi za kuezekea zilizidi kuwa adimu. Ya pili ilikuwa maji. Paa la nyasi hunywa mvua. La mabati huileta hadi kwenye pipa, na kila pipa lililojaa lilimpunguzia mama safari ya kwenda mtoni. Ya tatu haisemwi sana: hati hizo za ardhi ziliandikwa majina ya wanaume, hivyo mwanamke hakuwa na cha kuweka rehani. Benki yake ilibidi iwe wenzake.

Mkutano wenyewe ulikuwa na utaratibu mkali kuliko wa vyama vingi vya siasa. Kwanza sala. Kisha majina yanasomwa, na aliyechelewa analipa faini papo hapo. Mweka hazina anamimina sarafu juu ya mkeka, wawili wanahesabu, wa tatu anaandika. Mara kwa mara mwandishi alikuwa mwanamume, kwa kuwa ndiye aliyesoma, naye alikaa pembeni na daftari lake bila usemi mwingi. Mchango haukutosha peke yake, kwa hiyo kikundi kilijikodisha kama kibarua mmoja: wanachama walivuna kahawa au kupalilia shamba la mtu, na ujira wote ukaingia kwenye mfuko. Mabati yakinunuliwa, akina mama waliyabeba wenyewe, wakiimba. Paa zilipokwisha vikundi vikahamia kwenye matangi ya maji na ng'ombe wa gredi.

Huko Nairobi mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Ruth Habwe, mmoja wa viongozi wa Maendeleo ya Wanawake, alithubutu kugombea ubunge bila baraka za KANU na chama tawala kikamfungia mlango. Jane Kiano alikiongoza chama cha wanawake kuanzia mwaka 1971 hadi miaka ya 1980, na katika kipindi chake kikapata nguvu na jina. Mwaka 1987 KANU ikakimeza kabisa, wanasiasa wanaume wakaingiza mikono kwenye uchaguzi wa 1989, na ndoa hiyo ikavunjika baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi. Vijijini, ghasia hizo zilisikika redioni kama habari za mbali.

Kilichofika vijijini ni vitu vya kushikika. Jiko la udongo lililopewa jina la Maendeleo lilipunguza moshi na kuni. Wanachama waligawa vidonge vya uzazi wa mpango nyumba kwa nyumba. Mwaka 1996 katika kijiji cha Gatunga, Tharaka, chama kilisaidia kuandaa unyago wa wasichana usio na kisu: mafunzo, kutengwa kwa siku chache, nyimbo, na sherehe iliyohudhuriwa na wazazi.

Siku hizi mchango hutumwa kwa simu, na faini vilevile. Vikundi vingi vimeacha mabati na kununua viwanja. Mara nyingi hati huandikwa majina ya wadhamini waliochaguliwa na wanachama. Mahali pengi, majina yote yaliyo kwenye hati hiyo ni ya wanawake.