Bonde la Ufa: utafiti wa mipasuko inayotikisa ardhi ya nchi jirani

Matetemeko matatu ya ardhi katika kipindi cha miaka kumi na moja yaliwakumba majirani wa Burundi: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2005, mpaka wa Kongo na Rwanda mwaka 2008, na mkoa wa Kagera nchini Tanzania mwaka 2016. Yote matatu yalitokea katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa la Afrika Mashariki au kandokando yake. Jiji la Bujumbura nalo limejengwa ndani ya tawi hilo hilo. Makala hii inaeleza yale ambayo wanasayansi wa ardhi wamegundua kuhusu chanzo cha matetemeko hayo, na sababu ya baadhi yake kuua watu wengi zaidi kuliko mengine.

Bara linalojitenga

Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alifika Kenya mwaka 1893 na kueleza kwamba bonde lile halikuchimbwa na mito, bali lilitokana na ardhi kupasuka na kudidimia. Uchunguzi uliofuata umethibitisha maelezo hayo. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa, na hapa Afrika bamba la Nubia, lililo upande wa magharibi, linaachana polepole na bamba la Somalia, lililo upande wa mashariki. Kati yao kuna bamba dogo la Victoria, linalobeba ziwa lenye jina hilo. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linapita Ethiopia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Tawi la magharibi linaanzia eneo la Ziwa Albert, likafuata maziwa Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa, hadi Ziwa Nyasa.

Mwendo huo hupimwa kwa vifaa vya setilaiti vilivyosimikwa juu ya miamba. Miongoni mwa watafiti waliotumia vipimo hivyo ni D. Sarah Stamps wa chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani. Katika tawi la magharibi, pande mbili za bonde huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Hata hivyo, miamba haisogei kwa ulaini. Hukwama kwenye mipasuko kwa miaka mingi huku nguvu ikijikusanya, kisha huteleza ghafla. Mteleko huo ndio tetemeko la ardhi.

Kazi ya Cynthia Ebinger

Mmoja wa wanasayansi waliotumia muda mrefu zaidi kuchunguza mipasuko hii ni Cynthia Ebinger, mtaalamu wa jiofizikia wa Chuo Kikuu cha Tulane nchini Marekani. Mwaka 1989 alichapisha uchunguzi kuhusu namna tawi la magharibi lilivyojengeka. Alieleza kwamba bonde hili si mfereji mmoja ulionyooka, bali ni mlolongo wa mabonde yenye urefu wa takriban kilomita mia moja kila moja. Kila bonde lina mpasuko mkuu upande mmoja. Ardhi hushuka kwa kina kando ya mpasuko huo, na upande wa pili huinama taratibu, mfano wa mlango unaoning'inia kwenye bawaba. Ukipita bonde moja kwenda jingine, mara nyingi mpasuko mkuu huhamia ng'ambo ya pili.

Maelezo haya yana manufaa makubwa kwa wakazi wa bonde. Ukubwa wa tetemeko hutegemea urefu wa sehemu ya mpasuko inayoteleza kwa pamoja, na mpasuko mrefu unaweza kuzaa tetemeko kubwa. Historia inashuhudia hivyo. Tarehe 13 Desemba 1910, wakati Burundi na Tanzania Bara zilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyorekodiwa katika bara la Afrika.

Ebinger alishiriki pia katika utafiti wa matetemeko ya Julai 2007 karibu na Ziwa Natron nchini Tanzania, yaliyosikika hadi Nairobi. Wanasayansi walitambua kwamba mengi yalitokana na mawe yaliyoyeyuka kupenya ndani ya ganda la dunia na kulipanua. Jambo la namna hiyo lilishuhudiwa na majirani zetu mwezi Mei 2021. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, ardhi ya Goma na Rubavu iliendelea kutetemeka kwa siku kadhaa kwa sababu mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yakisogea chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27, mamlaka ziliamuru sehemu ya wakazi wa Goma wahame.

Si ukubwa peke yake unaoua

Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lililotokea chini ya Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie, lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Lile la tarehe 3 Februari 2008 karibu na Bukavu, na lile la tarehe 10 Septemba 2016 karibu na Bukoba, kila moja lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Katika kipimo hiki, kila hatua moja kamili huongeza nishati takriban mara 32. Kwa hiyo tetemeko la 2005 lilitoa nishati zaidi ya mara ishirini kuliko kila moja ya hayo mawili, lakini watu waliokufa walikuwa wachache.

Mwaka 2008 mambo yalikuwa tofauti. Ilikuwa Jumapili asubuhi, na kitovu cha tetemeko kilikuwa karibu na makazi yenye watu wengi. Takriban watu 40 walifariki, wengi wao wakiwa magharibi mwa Rwanda. Miongoni mwao walikuwamo waumini walioangukiwa na jengo la kanisa wilayani Rusizi. Saa chache baadaye ardhi ilitikisika tena kwa nguvu. Huko Kagera mwaka 2016, zaidi ya watu 15 walipoteza maisha, nyumba nyingi zilibomoka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kutokana na uharibifu.

Katika nchi zote hizi, nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali ya udongo yasiyo na nondo wala mkanda wa zege unaofunga kuta. Ukuta wa aina hiyo hubeba uzito wa paa vizuri, lakini haustahimili kusukumwa kwa upande.

Kinachowezekana kufanywa

Hakuna mwanasayansi anayeweza kutaja siku wala saa ya tetemeko lijalo. Kwa hiyo ujumbe unaosambazwa kwa simu ukidai kutaja saa hiyo haufai kuaminiwa. Utafiti unachoweza kufanya ni kuonesha mipasuko iliko, kukadiria nguvu inayoweza kutoka humo, na kuwasaidia wajenzi na viongozi kuamua mahali pa kujenga shule na hospitali, na namna ya kuzijenga.

Tetemeko likianza, aliye ndani ajikinge chini ya meza imara na kukaa mbali na madirisha. Aliye nje asogee mbali na kuta na nyaya za umeme. Baada ya mtikisiko wa kwanza, nyumba iliyopata nyufa isiingiwe kabla ya kukaguliwa, kwa kuwa mtikisiko mwingine unaweza kufuata, kama ilivyotokea mwaka 2008.