Nani Anamngoja Nani: Historia ya Njia ya Kisu, Kutoka Michigan Hadi Kakamega

Mwaka wa 1952 mgodi wa dhahabu wa Rosterman, hapa kando ya mji wa Kakamega, ulifungwa. Mwezi Septemba mwaka huo huo, katika chuo cha MIT huko Marekani, watu walialikwa kutazama mashine ya kuchonga chuma ikijiendesha yenyewe kwa kusoma mashimo kwenye utepe wa karatasi. Mambo haya mawili hayana uhusiano wowote. Nayaweka pamoja kwa sababu mimi ninaishi mwendo mfupi kutoka Rosterman, na mkate wangu wa kila siku sasa unatokana na ile mashine ya MIT na si dhahabu ya babu zetu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu. Wasiojua ni kwamba kwa muda sasa nimekuwa nikisaidia karakana moja ya hapa mjini, yenye mashine ya kuchonga mbao na alumini inayoongozwa na kompyuta (walimu wangu wa Kiswahili watasema tarakilishi, nawaomba radhi). Swali ninaloulizwa pale mara nyingi kuliko jingine lolote ni hili: "Sasa inafanya nini, mbona imeganda?" Leo nataka kulijibu kwa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu swali hilo lina umri mkubwa kuliko mimi na wewe.

Tuanze na John Parsons wa mji wa Traverse City, jimbo la Michigan. Miaka ya 1940 kampuni yake ilikuwa ikitengeneza mapanga ya helikopta. Umbo la panga hilo ni mkunjo, na mkunjo haukubali kuchongwa kwa rula. Walikuwa wakipewa vipimo vya pointi 17 tu, kisha fundi anajaza pengo kwa jicho na uzoefu wake. Mhandisi wake, Frank Stulen, akatumia mashine za IBM za kadi zilizotobolewa kukokotoa pointi 200 badala ya zile 17. Hapo sasa ikaja shida ya nani atazifuata pointi zote hizo. Jibu lao la kwanza lilikuwa la kibinadamu kabisa: mtu mmoja anasoma namba kwa sauti kutoka kwenye jedwali, wa pili anazungusha gurudumu la kwenda kulia na kushoto, wa tatu anazungusha la kwenda mbele na nyuma.

Ndugu msomaji, tafakari kidogo picha hiyo. Watu watatu, kazi moja, na mmoja akichelewa wote wanasimama. Mmoja akitangulia kabla ya namba kutajwa, chuma kimeharibika. Kila kitu ambacho sisi waandika programu tunakihangaikia tunapozungumza juu ya nyuzi, yaani kazi kadhaa zinazokwenda kwa pamoja ndani ya programu moja, kilikuwepo pale karakanani kabla ya programu yenyewe kuwepo.

Jeshi la Anga la Marekani lilimpa Parsons mkataba mwaka wa 1949, naye akaishirikisha MIT. Mashine waliyoionyesha mwaka wa 1952 ilikuwa ya aina ya Cincinnati Hydro-Tel, na kabati lake la kuiongoza lilikuwa na mamia ya vali, zile za redio za zamani. Ilifanya kazi vizuri. Kilichobaki kigumu ni kuandaa utepe. Kukokotoa kwa mkono mahali kisu kinapopaswa kuwa, pointi baada ya pointi, kulichukua muda mrefu kuliko kuchonga kwenyewe. Ndipo Douglas Ross na wenzake wa MIT wakaanza, mwaka wa 1956, kuandika lugha iitwayo APT, ambayo fundi anaandika "nenda kando ya mstari huu, kisha zunguka duara lile" na kompyuta inatoa namba. Mwezi Februari 1959 waandishi wa habari walioalikwa waligawiwa visahani vya majivu ya sigara vya alumini vilivyochongwa kwa APT. Zawadi ya enzi zake hiyo!

Lakini kumbuka namna watu walivyotumia kompyuta wakati huo. Unapeleka kadi zako dirishani, unaenda zako, unarudi baadaye au kesho yake. Kungoja kulikuwa ni sehemu ya kazi, na hakuna aliyelalamika kwamba dirisha limeganda kwa sababu hapakuwa na dirisha. Mwaka wa 1961 MIT hiyo hiyo ilionyesha mfumo wa CTSS wa Fernando Corbató, ambao watu kadhaa waliutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja wakiwa mbele yake, huku zile kazi za kadi zikiendelea nyuma ya pazia kila nafasi ilipopatikana. Kwa maoni yangu wazo hilo la mbele na nyuma ndilo mzizi wa mambo yote yanayofuata. Mwaka wa 1965 Edsger Dijkstra akachapisha suluhisho la namna ya kuhakikisha kazi mbili hazigusi kitu kimoja kwa wakati mmoja. Yule msoma namba wa Michigan alilitatua hilo kwa kupaza sauti.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Magari ya mfano, Nyayo Pioneer, yalizinduliwa mwaka wa 1990 na yaliweza kufika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Wengi wetu tumelelewa tukilicheka gari lile, na sitawazuia kucheka. Ila angalieni kilichobaki baada ya kicheko: shirika la Nyayo Motor Corporation liligeuka kuwa Numerical Machining Complex, linalotengeneza vipuri vya chuma kwa viwanda. Neno la kwanza la jina hilo ni lile lile la Parsons, uchongaji kwa namba.

Kwetu magharibi hamu ya vipuri haikuanzia kwenye gari, ilianzia kwenye miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka wa 1973. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, kwa hiyo mhimili ukivunjika kiwandani anayeumia si meneja peke yake, ni mkulima ambaye trekta lake limesimama kwenye foleni likiwa limejaa. Mafundi wengi wa kukereza chuma katika eneo hili walijifunza kasi yao hapo. Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, na baadaye ikakodishwa, lakini ujuzi ule ulishatawanyika hadi kwenye karakana ndogo za Kakamega, Khayega na kwingineko. Taasisi ya ufundi ya Sigalagala imekuwa ikiwatoa vijana, na chuo chetu, kilichoanza mwaka wa 1972 kikiitwa WECO, ni chuo kikuu kamili cha Masinde Muliro tangu 2007. Mikono tunayo. Kompyuta nazo zilikuja, nyingi zikiwa za mitumba.

Na hapa ndipo lile swali la kuganda linapoingia.

Chukua kibao cha milimita 300 kwa 200 unachotaka kukichonga umbo la mawimbi, kama kielelezo cha kumiminia alumini. Njia rahisi ya kukokotoa ni kuushusha mpira wa kisu, kimawazo, juu ya kila pointi hadi uguse umbo. Ukiweka pointi kila nusu milimita unapata karibu pointi 240,000, na kwa kila pointi lazima uangalie ni pembetatu zipi kati ya maelfu zinaweza kuguswa. Programu ya kizamani ilifanya hesabu hii kwenye uzi ule ule unaochora dirisha na kupokea kipanya. Matokeo yake kompyuta haikusikii tena hadi imalize. Fundi anakunja mikono, au anazima na kuanza upya, kisha anailaani kompyuta.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa ni kununua kompyuta mpya. Kila mwaka zilikuja prosesa zenye kasi zaidi na programu ile ile ikakimbia bila mtu kubadilisha mstari hata mmoja. Sherehe hiyo ilikoma karibu mwaka wa 2004, pale joto na umeme vilipowashinda watengenezaji. Intel ilifuta mpango wake wa prosesa ya Tejas mwaka huo, na mwaka wa 2005 ikaleta Pentium D yenye viini viwili. Tangu hapo kasi haikuja tena bure. Ukitaka viini viwili vifanye kazi, lazima mwandika programu aigawe kazi mwenyewe. Programu kubwa za kuandaa njia ya kisu zilifuata. Mastercam, kwa mfano, ilipofika toleo la X5 mwaka wa 2010 iliweka kidirisha maalum cha kusimamia njia zinazokokotolewa nyuma ya pazia huku wewe ukiendelea kuchora.

Ukisikia hivyo utadhani kazi imekwisha. Bado. Kugawa zile pointi 240,000 ni rahisi, kwa sababu pointi moja haimtegemei jirani yake. Kila kiini kinachukua fungu lake. Maktaba huria ya OpenCAMLib, iliyoanzishwa na Anders Wallin, hufanya hivyo hasa. Lakini si kila kitu kinagawanyika. Kwenye matanga hapa kwetu wanawake kumi wanaweza kumenya viazi kwa dakika chache, ila hata wakiwa hamsini hawataiharakisha sufuria kuchemka. Gene Amdahl aliliweka jambo hilo kwa hesabu mwaka wa 1967: sehemu isiyogawanyika ndiyo inayoamua kikomo chako. Kwetu sufuria ni kupanga zile pointi ziwe njia moja isiyorukaruka, na kuiandika faili ya mwisho kwa mfuatano.

Kuna na utegemezi. Njia ya kusafisha hutaka kujua njia ya kukwangua imeacha nini kwenye pembe. Ukizianzisha zote mbili kwa pamoja, ya pili inakokotoa juu ya kitu ambacho hakipo bado. Kwa hiyo msimamizi wa kazi za nyuma lazima awe na orodha ya nani anamngoja nani. Kwenye kompyuta za zamani za Windows ya biti 32 kulikuwa na kizuizi kingine: programu moja kwa kawaida ilipewa GB 2 tu za kumbukumbu, na njia nne nzito zikikokotolewa kwa pamoja zilizijaza na kuangusha kila kitu. Mara nyingine ilikuwa heri moja moja.

Linaloniogopesha mimi zaidi ni jingine. Fundi ameanzisha hesabu, na kwa kuwa sasa dirisha halijaganda, anarekebisha mchoro. Tundu lilikuwa na kina cha milimita 10, analifanya 8. Hesabu inamaliza kwa furaha na kuweka alama ya kijani kwenye njia ya kina cha 10. Zamani dirisha lililoganda lilimkera fundi, lakini lilimlinda pia, maana hakuweza kubadilisha kitu. Sasa kisu kitaingia milimita mbili zaidi, pengine hadi kwenye meza ya mashine, na kisu kilichovunjika hapa Kakamega si jambo la kuagiza na kupata jioni.

Kwa hiyo katika programu ndogo ninayoiandikia ile karakana, kila mchoro una namba ya toleo. Hesabu inapoanza inachukua nakala ya mchoro na namba yake. Inapomaliza, namba zisipolingana, njia inawekewa alama nyekundu na haiwezi kupelekwa kwenye mashine hadi ikokotolewe upya. Nyuzi za hesabu nimezipa kipaumbele cha chini kuliko dirisha, na siku zote naacha kiini kimoja bila kazi kwa ajili ya kipanya. Najua wapo watakaoniambia ninapoteza kasi. Wao waje wakae na fundi anayengoja kipanya kisogee.

Halafu kuna stima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliingia kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. (Tumbili alipona, kwa wanaotaka kujua.) Hesabu inayohifadhi jibu lake mwishoni tu hupotea yote siku kama hiyo, na kwetu giza halihitaji tumbili. Ninaandika kila fungu kwenye diski linapokamilika. Inapunguza kasi kidogo, na stima ikirudi kazi inaendelea pale ilipokatikia.

Kwa asiye na uwezo wa kununua programu za bei, FreeCAD, iliyoanza mwaka wa 2002 na kufika toleo la 1.0 mwezi Novemba 2024, ni ya bure na ina sehemu nzima ya kuandaa njia za kisu. Ijaribu na umbo dogo kwanza. Ukishamaliza, fungua ile faili ya G-kodi kwa kihariri cha kawaida uisome. Hata kama njia ilikokotolewa na viini vinane, utakuta mistari inayofuatana mmoja baada ya mwingine, X kadhaa, Y kadhaa, kama vile kuna mtu anasoma namba kwa sauti kutoka kwenye jedwali.