Malezi na Nasaba: Hoja Dhidi ya Ufugaji wa Mbwa Mwitu na Mbweha Mkoani Singida

Ikisiri

Makala hii inapinga dai kwamba mtoto wa mbwa mwitu au wa mbweha, akichukuliwa mapema na kulelewa na binadamu, huwa mbwa, na kwamba kumfuga ni njia ya kumhifadhi. Kwa ushahidi wa vinasaba, wa tabia, na hasa wa mlipuko wa ugonjwa wa distempa ya mbwa uliotokea Mkomazi mwishoni mwa mwaka 2000, inajengwa hoja kwamba malezi humbadilisha mnyama mmoja pasipo kuugusa uzao wake, na kwamba mkoani Singida uhai wa mbwa mwitu unategemea afya ya mbwa wa kufugwa.

1.0 Utangulizi

Kila panapozungumzwa ufugaji wa wanyamapori nchini, dai moja hurudi. Husemwa kwamba mbwa wa leo alikuwa mnyama wa porini zamani. Kwa hiyo hakuna kinachomzuia mkazi wa Manyoni au Mkalama kumtoa mtoto wa mbweha shimoni, kumlea kwa maziwa na uji, na hatimaye kupata mlinzi wa zizi. Methali hutolewa kama ushahidi: samaki mkunje angali mbichi. Kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatambua mashamba, ranchi na bustani za wanyamapori kwa kibali, dai hilo limevaa pia joho la uhifadhi: mnyama aliye hatarini kutoweka, husemwa, atakuwa salama zaidi mikononi mwa mtu kuliko porini.

Singida ni mahali panapofaa kulipimia dai hili. Kusini mwa mkoa yapo Mapori ya Akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ambayo pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ni miongoni mwa ngome kubwa za mbwa mwitu zilizobaki Afrika. Kaskazini, kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, Wahadzabe huwinda, na majirani zao Wanyiramba, Wanyaturu na Wabarabaig hufuga ng'ombe na mbuzi. Mbwa wa kienyeji yuko kwenye maboma, machungani na mawindoni. Mbweha yuko kati ya pori na makazi: huzaa kichakani na kupita mashambani usiku.

Katika makala hii mbwa mwitu ni Lycaon pictus, yule wa mabaka wa Afrika. Jamaa yake wa Ulaya na Asia, Canis lupus, nitamwita mbwa mwitu wa kijivu. Fisi hamo. Ingawa watu wengi humweka kundi moja na mbwa, kibiolojia yuko karibu zaidi na paka na nguchiro.

2.0 Asili ya mbwa: palipo na makubaliano na pasipo

Kuhusu babu wa mbwa, ubishi umekwisha. Charles Darwin alidhani mbwa wametokana na zaidi ya spishi moja. Konrad Lorenz aliandika kwamba aina nyingi za mbwa zimetokana na mbweha wa dhahabu, kisha mwenyewe akaliacha wazo hilo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa na Carles Vilà na wenzake mwaka 1997, pamoja na tafiti zilizofuata, umeonyesha kwamba chimbuko ni mbwa mwitu wa kijivu. Mbwa mwitu wetu na mbweha wetu hawamo katika nasaba hiyo. Mbwa wa Singida ni uzao wa wageni waliofika Afrika kutoka kaskazini wakiwa tayari wamefugwa, kisha wakateremka kusini pamoja na wafugaji. Mwanaakiolojia Peter Mitchell alipendekeza mwaka 2015 kwamba huenda magonjwa ndiyo yaliyowachelewesha njiani.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa. Wawindaji wa Afrika waliishi na mbweha na mbwa mwitu kwa maelfu ya miaka. Waliwaona wakizaa, wakayajua mashimo yao, na hapana shaka watoto wa wanyama hao waliwahi kubebwa hadi kambini. Hata hivyo hakuna uzao wa kufugwa uliotokana nao. Wahadzabe wanaowinda na mbwa leo hawakumtoa mbwa huyo kwa mbweha wa Eyasi.

Ugomvi uko katika swali la namna mnyama anavyogeuka kuwa wa kufugwa. Mwaka 1865 Francis Galton alieleza kwamba desturi ya kuwalea watoto wa wanyama kwa mapenzi, iliyoenea katika jamii nyingi, ndiyo mlango wa ufugaji. Hoja ya vijiweni ni mjukuu wa hoja ya Galton, na ina kasoro ileile: inachanganya mnyama aliyezoea watu na uzao uliobadilika.

Anayetafuta ushahidi wa kisasa wa kumtetea Galton hukimbilia jaribio la Dmitri Belyaev, lililoanza mwaka 1959 huko Siberia na kuendelezwa na Lyudmila Trut. Mbweha wa kaskazini wenye manyoya ya rangi ya fedha walizalishwa kizazi baada ya kizazi, wakiteuliwa wale tu waliomwogopa mtu kidogo zaidi. Katika vizazi vichache wakaanza kutikisa mkia na kutafuta kuguswa. Je, hilo halithibitishi kwamba inawezekana, tena upesi?

Linathibitisha kinyume cha methali. Trut alieleza wazi kwamba mbweha wale hawakufundishwa. Muda wa kuguswa na watu uliwekewa mipaka makusudi, ili upole utakaoonekana uwe wa kurithi na si wa malezi. Kilichofanya kazi ni uteuzi wa nani azae, uliowanyima wengi nafasi ya kuzaa kwa miongo kadhaa. Zaidi ya hapo, Kathryn Lord na wenzake walikumbusha mwaka 2019 kwamba mbweha hao walianzia katika mashamba ya manyoya ya Kanada, ambako mababu zao walikwisha kuzalishwa vizimbani kwa miongo kabla ya jaribio. Hata mfano unaosifiwa kwa kasi haukuanzia shimoni porini. Mkazi wa Mkalama mwenye mtoto mmoja wa mbweha hana kizazi cha pili, sembuse cha kumi.

3.0 Malezi yanafika wapi

Malezi yana nguvu, lakini yana kikomo, na kikomo hicho kimepimwa. Huko Budapest, Ádám Miklósi na wenzake waliwalea watoto wa mbwa mwitu wa kijivu kwa mikono kama wanavyolelewa watoto wa mbwa. Wanyama hao na mbwa walipopewa chakula wasichoweza kukifikia, mbwa waligeuka kumtazama mtu usoni kuomba msaada. Mbwa mwitu wa kijivu waliendelea kupambana na kizuizi wenyewe. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003. Kama ndugu wa damu wa mbwa, aliyelelewa na wataalamu, hageuki kumtazama binadamu, ni kwa msingi gani tunamtarajia mbweha wa Itigi, ambaye si babu wa mbwa, afanye hivyo?

Tofauti imo hata tumboni. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake walionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni inayosaidia kumeng'enya wanga, ilhali mbwa mwitu wa kijivu kwa kawaida wana mbili tu. Mbwa wa Singida anayeishi kwa makoko ya ugali wa uwele au mtama anatumia urithi uliojengwa katika maelfu ya miaka ya kula masalia ya wakulima. Mbwa mwitu ni mla nyama mtupu. Kundi lake huzunguka mamia ya kilomita za mraba, mara nyingine zaidi ya elfu moja, likiwinda pamoja na kuwatapikia watoto na wagonjwa nyama. Kumfungia uani ni kumnyima chakula chake, mwendo wake na jamaa zake kwa mpigo.

4.0 Ushahidi wa Mkomazi

Tuseme yote hayo yanavumilika kwa ajili ya kuokoa spishi. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilikadiria mwaka 2012 kwamba mbwa mwitu waliobaki ni takriban 6,600, na kati yao wazima wanaohesabika kwa uzazi ni 1,400 hivi. Kwa idadi hiyo, wazo la kuwaweka wachache mahali salama lina mvuto wa kweli. Tunalo jaribio lake hapa hapa nchini.

Miaka ya 1990, Tony Fitzjohn, chini ya mfuko wenye jina la George Adamson, alianzisha huko Mkomazi, wakati huo ikiwa pori la akiba, mradi wa kuzalisha mbwa mwitu ili warudishwe porini. Kulikuwa na uzio, walinzi, wataalamu wa mifugo na fedha za wafadhili. Wanyama walikuwa wamechanjwa distempa kwa chanjo ya virusi vilivyouawa. Desemba 2000 ugonjwa ukaingia. Katika miezi miwili wanyama 49 kati ya 52 walikufa. Marco van de Bildt na wenzake, katika taarifa yao ya mwaka 2002, walikitenga kirusi na kusoma mpangilio wa jeni zake: kilikuwa kirusi cha distempa ya mbwa.

Naomba msomaji asiipite takwimu hiyo haraka. Haikutokea kwa mtu aliyefunga mnyama kwa kamba chini ya mti. Ilitokea mahali palipokuwa na karibu kila kitu ambacho mtetezi wa ufugaji angekiomba. Walikufa kwa sababu ambazo banda huzizidisha: wanyama wengi wa spishi inayolambana na kulishana mdomoni, wakiishi karibu kuliko makundi yanavyoishi porini. Chanjo nayo ina mtego wake. Chanjo ya virusi hai iliyodhoofishwa kwa ajili ya mbwa imewahi kuwaletea mbwa mwitu wa bustani ugonjwa uleule na kuwaua; ile ya virusi vilivyouawa haikutosha Mkomazi. Mganga wa mifugo wa wilaya aliyeletewa mbwa mwitu wa kufugwa angechagua nini?

Sasa linganisha na boma la Manyoni. Mbwa hawajachanjwa, wanafuata ng'ombe hadi ukingoni mwa Muhesi, wanarudi jioni kulala uani. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu 1,000, na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi walionekana kuwa chanzo. Miaka mitatu kabla, mbwa mwitu walikwisha kutoweka katika hifadhi hiyo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika baadhi ya makundi, ingawa Roger Burrows alishikilia kwamba kushikwashikwa na watafiti ndiko kulikowadhoofisha. Hata tukimpa Burrows ushindi, hoja yangu haipungui: kama mkono wa mtafiti kwa dakika chache unadhuru, mkono wa mfugaji wa kila siku hauwezi kuwa dawa.

5.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza: kuanzia mwaka 2012, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), mbwa mwitu waliokamatwa Loliondo walihifadhiwa kwa muda kwenye uzio kisha wakaachiwa Serengeti. Je, kuwaweka kifungoni hakukusaidia? Kulisaidia, kwa kuwa hakukuwa ufugaji. Walishikwa makundi kwa makundi, wakakaa kwa muda, na lengo tangu mwanzo lilikuwa waondoke. Mafanikio hayo hayampi haki mtu mwenye mtoto mmoja bandani.

La pili linahusu mbweha. Yeye hayuko hatarini, hula vitu vingi, na huvumilia jirani wa binadamu. Lakini Kennedy Lushasi na wenzake waliofuatilia kichaa cha mbwa Lindi na Mtwara waliripoti mwaka 2021 kwamba zaidi ya asilimia 40 ya wanyama walioonekana kuugua walikuwa wa porini, wengi wao mbweha. Kirusi cha kichaa huweza kukaa mwilini wiki hadi miezi kabla ya dalili. Anayemtoa mtoto wa mbweha shimoni hajui mama yake aling'atwa na nani, na atakayecheza naye kwanza ni mtoto wa nyumbani.

6.0 Hitimisho

Kisheria wanyamapori ni mali ya umma, wakiwa chini ya dhamana ya Rais. Hakuna aliye na haki ya asili ya kumgeuza mbwa mwitu kuwa pambo la uani. Napendekeza kwamba vibali vya wanyamapori visitolewe kwa ufugaji wa nyumbani wa spishi yoyote ya jamii ya mbwa, Singida na kwingineko.

Kuzuia peke yake hakutoshi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa nchini kuwa karibu 1,500 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya vilivyoripotiwa rasmi, na karibu vyote hutokana na mbwa wa kufugwa. Njia ya kukata mnyororo huo inajulikana: kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na kurudia kila mwaka kwa sababu mbwa wa vijijini hufa na kuzaliwa haraka. Kata zinazopakana na Rungwa na Muhesi, na zile za Mkalama ambako mbwa huingia porini na wawindaji, zipewe kipaumbele, na chanjo ya distempa iongezwe palipo na uwezo.

Huenda wakosoaji wakaona hapa mbwa wa kienyeji amepewa hadhi asiyoizoea. Anaistahili. Uzao wake ndio pekee katika jamii hiyo ulioifuata njia yetu, na ugonjwa wake ndio unaovuka kwenda porini. Mfugaji wa Itigi anayewapeleka mbwa wake kuchanjwa anamlinda mbwa mwitu kuliko atakavyoweza kumlinda kwa banda lolote.