HISTORIA YA FEDHA ZA KUFUNDISHIA MAFUNDI

Kila mwaka, katika mkutano mkuu, wanachama hutuuliza swali lile lile: vijana wetu watapata wapi fedha za kujifunzia ufundi? Safari hii Kamati imeona vema kulijibu kwa njia ya historia. Fedha hizo si jambo jipya hapa Nairobi. Zilikuwako tangu zama za babu zetu, nazo kwa sehemu kubwa zilitoka katika kodi ya wananchi wenyewe. Lililobadilika mara kwa mara ni mlango wa kuziombea, na wengi wetu tumebaki tukibisha mlango uliokwisha kufungwa.

Twaanza Kabete. Mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ilianzisha pale chuo cha kuwafundisha Waafrika uashi, useremala na uhunzi; ndicho leo Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kabete. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School, ikisaidiwa na fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, ili iwafundishe walimu wa kuzitembelea na kuziongoza shule za vijijini. Mahali hapo sasa pana chuo cha kuwafundisha watumishi wa Serikali.

Mwaka huo huo wa 1924 sheria iliruhusu kuundwa kwa Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Mwenyekiti wa baraza alikuwa D.C., na makadirio ya fedha hayakuwa na nguvu mpaka yapate kibali cha wakubwa. Hata hivyo mabaraza yalipewa uwezo wa kutoza kodi yao wenyewe, na wajumbe wakaielekeza sehemu kubwa ya fedha hizo kwenye elimu. Hiyo ndiyo asili ya msaada wa serikali ya mtaa kwa mafunzo: wananchi walitoa kwanza, kisha wakaomba zitumike kwa haja yao.

Yafaa hapa tukumbuke jambo moja la mipaka. Waithaka, Dagoretti na Kangemi hazikuwa Nairobi zamani hizo. Zilikuwa upande wa Kiambu, mpaka mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1963. Kwa hiyo mzee wa Waithaka wa mwaka 1930 alilipa kodi yake Kiambu na kuomba Kiambu. Mwanawe, mwaka 1970, alipaswa kwenda kwa Baraza la Jiji. Mjukuu wake, tangu mwaka 2013, huenda kwa Serikali ya Kaunti. Nyumba ni ile ile wala haikusogea hata hatua moja, bali mlango umehama mara mbili.

Thamani ya mafunzo kwa mji huu hakuna aliyeionyesha vizuri kumshinda marehemu Tom Mboya. Alianza kusomea ukaguzi wa afya hapa Nairobi mwaka 1948, akahitimu mwaka 1950, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji. Katika kazi hiyo ndimo alimojifunza kuwaongoza wafanyakazi wenzake, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi. Mji uliajiri mkaguzi, nchi ikapata kiongozi.

Baada ya Uhuru tatizo liligeuka. Vijana walimaliza shule ya msingi kwa maelfu, na kazi hazikuwako. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa juu ya shida hiyo, na matunda yake yakawa vyuo vya ufundi vya vijiji. Wananchi walichanga, wakajenga banda, wakaunda kamati. Muda si mrefu Serikali ikaanza kuvisaidia kwa fedha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Palipokuwa na banda na kamati, msaada ulipata mahali pa kushukia.

Zilifuata hatua nyingine. Sheria ya mwaka 1998 iliagiza kwamba asilimia 5 ya kodi ya mapato ipelekwe kwa mabaraza ya miji na wilaya, nayo mabaraza yakatakiwa kutoa hesabu zao na, baadaye, kuwakutanisha wananchi wachague miradi. Mpango huo ulikoma zilipoanza kaunti. Katiba ya mwaka 2010 ikavitaja vyuo vya vijiji waziwazi kuwa ni kazi ya kaunti. Ndiyo sababu vyuo vya ufundi vya Kangemi na Waithaka viko leo chini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, na anayetaka viongezewe mashine au walimu hana budi kusema na kaunti.

Uko na mlango wa pili, ambao si wa kaunti. Tangu mwaka 1971 waajiri hutozwa tozo ya mafunzo ya viwandani, ambayo sasa husimamiwa na mamlaka iitwayo NITA. Kiwango kilichowekwa mwaka 2007 ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mwajiri aliyelipa aweza kuomba arudishiwe gharama za kuwafundisha watu wake, na idhini huombwa kabla mafunzo hayajaanza. Lakini fundi wa jua kali wa Kawangware, asiye na mwajiri wala orodha ya mishahara, hana amlipiaye tozo hiyo, na kwa hiyo hana wa kumwombea. Kwake yeye mlango wa kaunti si mmojawapo wa milango. Karibu ndio wa pekee. Tukizembea katika huo, huyo ndiye atakayeumia.

Sasa tuseme juu ya wakati, maana maombi mengi mazuri hufa kwa kuchelewa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, kaunti yapaswa kupeleka mwongozo wake wa matumizi kwenye Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio kamili kufikia tarehe 30 Aprili. Anayekwenda City Hall mwezi Juni na barua mkononi humkuta karani mpole na mfuko uliokwisha kugawanywa.

Kwa hiyo Kamati yaleta mbele ya mkutano mambo matatu. Kwanza, kila tawi liandike majina ya vijana wanaotaka ufundi, na kazi anayoitaka kila mmoja, kwa maana kaunti haiwezi kukadiria gharama za watu wasiohesabika. Pili, hesabu za chama zikaguliwe na nakala ya cheti cha usajili iambatanishwe na ombi. Tatu, wajumbe wawili wachaguliwe wa kuhudhuria mikutano ya wananchi juu ya makadirio, wakae mpaka mwisho, na waandike yaliyosemwa.

Orodha za matawi zimfikie Katibu kabla ya tarehe 15 Januari, ili ombi letu liwe City Hall kabla ya Februari kuanza.